Siku Tuliyohamisha Rekini kwa Chukudu

Ninyi mnaobaki pale hotelini mmeniomba niandike jinsi kazi ile ilivyofanyika, kwa sababu ukuta wa chumba cha kulia umepakwa rangi na wageni wapya hawaamini kwamba hapo palikuwa na maji. Nitaandika. Habari za vyeo nitaziacha, maana cheo changu cha mwisho kilikuwa "muzee wa samaki", na hakuna aliyekitia muhuri.

Niliingia pale nikiwa fundi wa mabomba. Asubuhi ya kwanza nilitumwa kuangalia bomba lililokuwa likivuja nyuma ya akwariamu, nami nikaenda moja kwa moja kwenye kioo, kwa haraka ya kijana anayetaka kuonekana anaijua kazi. Samaki wanne wakubwa waliniona wote pamoja. Walikurupuka, wakajigonga kwenye kioo kwa vichwa vyao, maji yakaruka mpaka kwenye vitambaa vya meza. Kisha wakageuka mmoja mmoja, matumbo juu, wakazama polepole mpaka chini na kulala hapo bila kutikisika. Nilijua nimekwisha. Sijamaliza hata saa moja kazini na tayari nimeua mali ya watu.

Mzee aliyekuwa ameketi kando akila mandazi hakuinuka. Huyo ndiye Papa Ramazani, mtunzaji wa samaki hao, mtu wa asili ya Maniema aliyezaliwa Goma na kuvua sambaza, dagaa wa ziwa letu, ujana wake wote pale Kituku ufukweni, kabla mgongo haujamkatalia.

"Usitetemeke, mutoto wangu," alisema. "Banadanganya."

"Bamekufa, papa."

"Banadanganya, nakuambia. Ikala."

Nikakaa. Akamaliza andazi lake, akapangusa vidole, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, midomo karibu imefungwa. Ulikuwa wimbo ambao wavuvi wetu huimba jioni wakitoka na mitumbwi yao iliyofungwa pamoja mitatu mitatu, makasia yakipiga maji kwa mpigo mmoja: *Mama ya mayi, usiamuke, batoto bako banapita tu.* Hata wimbo haujafika mwisho, samaki wa kwanza alijipindua, akatikisa mkia, akapanda juu kana kwamba hakuna lililotokea. Wenzake wakamfuata.

Hao ndio waliokuwa wakiitwa rekini, yaani papa, kama wanavyosema wenzetu wa pwani. Baba yake Madame Kavira, aliyekuwa mwenye hoteli kabla ya binti yake, alinunua vitoto vinne kutoka kwa mfanyabiashara wa Kampala aliyemwapia kwamba ni rekini wa mtoni. Kweli walikuwa na umbo: rangi ya majivu, pezi limesimama mgongoni, mwendo wa kuzungukazunguka bila kupumzika. Lakini walikuwa ndugu wa kambare, wa mito ya mbali huko Asia, hawana jino la kutisha mtu, na chakula walichokipenda kuliko vyote kilikuwa lenga-lenga ya kuchemsha, mchicha wetu. Wageni walipiga picha na kupeleka kwao habari za papa wakali wa Goma. Jikoni tulikuwa tunawachambulia mboga.

Walikua mpaka kila mmoja akawa na urefu wa mguu wa mtu mzima, na woga wao ukakua pamoja nao. Macho yao ni dhaifu. Kitu chochote kikubwa kinachokuja ghafla, kwao ni kifo, na dawa yao ya kifo ni kujifanya wamekwisha kufa. Ndiyo maana Papa Ramazani, aliyenichukua nimsaidie, alikuwa na sheria moja tu, na alinifundisha hiyo kabla ya mambo ya pampu na vichujio: usiende kwenye kioo kimyakimya. Anza kuimba ukiwa bado kwenye mlango wa jikoni. Sauti itangulie, mwili ufuate.

Mengine nilijifunza kidogokidogo. Kwamba maji ya kuongeza yatoke ziwani, yaletwe kwa bidoni, yaani madumu, yalale kwanza kivulini mpaka yapoe. Kwamba mawe ya lava ya Munigi ni mazuri machoni lakini lazima uyasugue kingo, la sivyo samaki asiye na magamba atachanika ubavu. Kwamba umeme ukikatika na jenereta ikagoma, mnapanda juu ya ngazi na sufuria, mnachota maji na kuyamwaga kutoka juu, mnachota na kumwaga, ili hewa iingie. Wakati mmoja tulifanya hivyo tangu chakula cha asubuhi mpaka cha mchana, wageni wakidhani ni burudani ya hoteli, na mmoja akatupigia makofi.

Nilianza kuipenda kazi hiyo kwa namna ambayo sikuitegemea. Saa za alasiri, chumba kikiwa kitupu na jua limelala juu ya ziwa, mwanga wa maji ulikuwa unatembea kwenye dari na kwenye mikono yangu, na wale wanne wanapita, wanarudi, wanapita. Nilikuwa nasahau kama niko kazini. Mara nyingine nilikuwa nasahau hata kama niko Goma, pamoja na motari zote, zile pikipiki za abiria, na vumbi lake jeusi. Mke wangu, Mama Espe, alisema narudi nyumbani na macho ya mtu aliyeamshwa vibaya.

Nilikuwa namwambia samaki wananijua. Yeye anacheka.

"Banakujua wewe? Banajua lenga-lenga."

Hilo liliniudhi kwa miaka mingi, kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Akiingia mpishi, wanakimbia. Akiingia Madame, wanakimbia. Nikiingia mimi, wanakuja. Papa Ramazani alipostaafu, na baadaye alipofariki, waliendelea kuja kwangu. Mkubwa kuliko wote, ambaye pezi lake lilikuwa na kipande kilichokatika, nilimwita Muzee. Wawili niliwaita Paroko na Chofa, mmoja kwa mwendo wa padri, mwingine kwa mwendo wa dereva. Wa nne alikuwa mtulivu tu, hana alama wala kituko, na jina lake lilichelewa mpaka nikazoea kumwacha bila jina.

Kisha mlima wetu ukatapika moto, na siku zilizofuata ardhi ilikuwa ikitikisika hata tukaacha kushtuka. Mnakumbuka ninyi mliokuwepo. Hoteli ilisimama, glasi za baa zilianguka chache, lakini kwenye kona ya chini ya akwariamu ulibaki mstari mwembamba kama unywele. Nilipaka silikoni. Ukatulia. Mwaka huu nimepita nikaukuta umepanda, umevuka kiungo cha chuma, na ukiweka kidole unasikia unyevu. Maji yote yale, na ng'ambo ya kioo watu wanakula brochettes zao, yaani mishikaki.

Madame Kavira alikuja, akainama, akagusa. Yeye si mtu mbaya. Ni binti wa Butembo, mji wa wafanyabiashara, hesabu kwanza na machozi baadaye, lakini machozi anayo.

"Papa Paluku," akasema, "hii kintu lazima itoke. Ukipata fasi ya kubapeleka, ubapeleke. Ukikosa fasi, banaenda ku soko ya Kituku. Mi siwezi kungoja kioo ipasukie bageni."

"Nipe muda kidogo, madame."

"Muda uombe kioo. Haiko kwangu."

Hapo mnaelewa nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa karibu kustaafu, sikuwa na jambo lingine la kumaliza, ila kuwatoa wale wanne wakiwa hai kabla kioo hakijaamua. Kuwapeleka Kinshasa haikuwezekana, siku hizi ndege hazitui Goma. Kila niliyemwuliza alijibu kitu kilekile: ziwa hilo hapo, watupe. Lakini samaki mgeni mwenye tumbo kama lile, ukimwachia ziwani, nani atawajibu wavuvi wakianza kukosa sambaza? Ni kweli sambaza wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika na hakuna aliyewarudisha. Hata hivyo Papa Ramazani alikuwa akisema ziwa si la kufanyia majaribio, na mimi sikutaka kumkuta mbele ya haki nikiwa na kesi hiyo.

Mahali palipatikana karibu kuliko nilivyofikiri. Kando ya ziwa, ukipita Kituku kidogo, kuna kiwanda cha zamani cha kuoshea kahawa kilichofungwa, na mabeseni yake ya siminti bado mazima. Mlinzi wake, mtu wa kanisa moja na mimi, alipata ruhusa kwa wenyewe. Tulisugua beseni kubwa, tukaziba tundu la juu la kutokea maji kwa wavu wa chuma wenye macho madogo, tukalijaza maji ya ziwa, tukaezeka nusu yake kwa mabati ili wapate kivuli. Maji yaleyale waliyoyazoea. Lililobaki lilikuwa njia.

Sasa sikilizeni sehemu hii, ninyi mafundi, kwa sababu iko siku mtabomoa kingine. Usianze na samaki. Anza na mawe, utoe moja moja kwa mkono. Kisha punguza maji kwa mpira, na yale ya kwanza uyahifadhi, maana samaki atasafiri ndani ya maji yake mwenyewe. Wavu usitumie: rekini hawa wana mwiba kwenye mapezi ya ubavuni, wakinaswa wanajivunja. Sisi tulitumia mashuka ya hoteli, meupe, yaliyoloweshwa, watu wawili kwa shuka moja. Vioo tulivitoa mwisho, baada ya safari, kwa kukata silikoni na uzi wa kuvulia samaki, mtu huku na mtu kule, wanavuta kama wanaokata mbao kwa msumeno. Kioo kilichopasuka kilitoka kizima. Kilivunjika tulipokilaza chini, chenyewe, bila kuguswa na mtu.

Kwa upande wa njia, lori nililikataa. Injini inatetemesha, na barabara ile ya mawe ya lava ingewapondaponda. Nikaita watu wa chukudu. Ndugu zangu wa mbali mtakaosoma haya, chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, pana, ya kusukuma, inayoshusha makaa na viazi kutoka juu kwetu huku. Mwenye kuijua anaibebesha mizigo ya gari na kuipitisha mahali ambapo gari linaomba msamaha. Hangi wa Kibati alikuja na wenzake watatu. Juu ya kila chukudu tulifunga pipa la plastiki lililokatwa kwa urefu, ndani yake maji na rekini mmoja, juu yake shuka jeupe lenye maji, ili asione na asiruke.

"Sasa, Hangi," nikamwambia, "leo hakuna kupiga makelele."

Akaniangalia kama nimemwambia asukume bila mikono. Mtu wa chukudu anaishi kwa kelele. Hana honi. Asipopiga kelele, motari itampanda.

"Na batu batatoka mu njia aje, papa?"

"Tutaimba. Polepole tu. Bale samaki banajua wimbo."

Nikawafundisha wimbo wa Papa Ramazani. Watu wa Kibati ni watu wa mlima, ziwa wanaliona kwa mbali, na walianza kwa aibu. Lakini sauti ya Hangi ni nzito na nzuri, na tulipotoka kwenye geti walikuwa wameshaukamata wimbo. Mbele mimi, mikono nyuma. Nyuma yangu chukudu nne, moja baada ya nyingine, zinakwenda taratibu, juu yake mashuka meupe marefu, na wanaume wazima wanaimba chini chini: *Mama ya mayi, usiamuke, batoto bako banapita tu.*

Hamjaona kitu? Hata mimi sikuona. Motari ya kwanza ilisimama pembeni, dereva akavua kofia. Nikadhani ana joto. Kisha ikasimama nyingine. Wauza mkate wakanyamaza. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapimia mtu makaa aliacha kupima, akajifunga kitenge vizuri, akaingia nyuma yetu. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba, na jirani yake Mwislamu akakunjua mikono akaomba dua. Njia nzima ilikuwa inafunguka mbele yetu, Goma ambayo haimpishi mtu, na mimi bado nilikuwa najisifu moyoni kwamba wimbo unafanya kazi.

Tulipofika kwenye mteremko wa ziwa, msafara ulikuwa mrefu. Mama mmoja mzee, mwenye kitambaa cheusi kichwani, alinifikia akanishika mkono.

"Pole, papa. Batu bane kwa mara moja. Ni ba familia moja?"

Ndipo nilipogeuka nikatazama kwa macho ya watu. Mashuka meupe manne. Nyuma, watu wameinamisha vichwa.

"Mama," nikasema, "hawa ni rekini ba ku hoteli."

Alinichunguza uso. Mji wetu umezika watu wengi siku hizi, na nadhani alikuwa anaamua kama nimechanganyikiwa kwa huzuni.

"Rekini?"

"Samaki, mama. Tunabahamisha."

"Basi pole yao," akasema. "Kuhama iko mubaya." Akaendelea kutembea nasi. Habari ilirudi nyuma kwa minong'ono, nikasikia kicheko kimoja, viwili, lakini wengi hawakuondoka. Walikuwa wameshaanza kusindikiza, na mtu hakati msiba katikati.

Tuliwashusha kwenye beseni kabla ya alasiri kumalizika. Tuliongeza maji ya beseni ndani ya mapipa kidogokidogo, ili wazoee, kisha tukawaachia kwa mashuka. Wote wanne waligeuka matumbo juu, wakazama. Nilitegemea hivyo. Nikapiga magoti ukingoni, nikaimba.

Hakuna aliyetikisika.

Nikaimba tena. Kwenye kioo nilizoea kuona macho yao, na hapa nilikuwa naona matumbo manne meupe ndani ya maji ya kijani. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni, na mazungumzo yakaanza kubadilika kama yanavyobadilika kwenye kila matanga, kutoka kwa marehemu kwenda kwa chakula. Mama mmoja wa Kituku alishaagiza aletewe sinia kubwa. Hangi alikuja akasimama karibu nami.

"Papa Paluku, usikasirike. Hawa bamekufa."

"Banadanganya," nikasema.

"Juu ya nini badanganye mutu banayemujua?"

Niliimba mpaka sauti ikawa ya kukwaruza, kisha ikakatika kabisa. Nitasema wazi nilivyojisikia, kwa sababu nimeahidi kuandika kazi ilivyokuwa: niliona haya, na chini ya haya nilikuwa na uchungu. Maisha yangu ya kazi yalikuwa yamelala pale chini, na wamesikia sauti yangu, na wamekataa. Nikakaa kwenye siminti. Mama mwenye kitambaa cheusi akaketi kando yangu.

Jua lilishuka upande wa milima. Ziwa likawa jepesi, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na upepo ukaacha. Huko Kituku mitumbwi ilianza kutoka kwenda kuvua, mitatu mitatu, na makasia yakaanza kupiga. Halafu waliimba. Wanaume wengi pamoja, sauti inakuja juu ya maji na chini ya ardhi, hata ukingo niliokalia nilihisi unaupokea mpigo wa makasia. *Mama ya mayi, usiamuke.* Watu wa msafara wetu, ambao sasa wanaujua wimbo, wakaitikia bila kuambiwa.

Muzee ndiye aliyeanza. Lile pezi lililokatika lilitikisika, likalala, likatikisika tena, akajipindua polepole na kupanda. Akazunguka beseni lote, upana ambao hakuwahi kuupata maishani mwake, akazunguka tena. Paroko akafuata. Chofa akafuata. Mitumbwi ilikuwa inapita mbali, na wale watatu walikuwa wanakwenda nayo ukutani, upande uleule, mpaka sauti ilipopungua.

Wa nne hakuinuka. Nilingoja mpaka mama mwenye kitambaa aliponigusa bega.

"Papa, huyu amekufa kweli. Angalia jicho yake."

Niliangalia. Ni yeye, yule niliyemwacha bila jina. Hangi alimtoa kwa shuka, taratibu, kama bado anaweza kuogopa, na watu waliokuja kuzika wakawasha moto. Walisema alikuwa mtamu. Mimi sikuonja, lakini sikuona ubaya. Matanga ni matanga, na walikuwa wametembea mbali.

Nilipofika nyumbani Mama Espe alikuwa amesikia tayari, Goma haifichi kitu.

"Banasema hawakukujua," akasema. Hakuwa anacheka.

"Hawakunijua. Walijua wimbo, kila jioni walikuwa wanausikia kutoka ziwani. Wa kwetu tuliuazima ku ziwa, mi na Papa Ramazani, hata hatukuomba."

Akanipakulia ugali. Baadaye akasema, "Basi bamefika kwao." Nikala.

Siku hizi jioni nashuka mpaka kwenye beseni. Siimbi. Nakaa na bakuli langu, mitumbwi inatoka, watu wake wanaanza, na wale watatu wanapanda kabla sijafanya lolote. Mimi natupa lenga-lenga.